Fangasi ya Don Gildardo

Don Gildardo Zuluaga alipoletwa kwetu mara ya kwanza, mwaka 1983, alikuwa na kilo arobaini na sita na panga kiunoni. Mlinzi wa getini alimpokonya panga akaahidi kumrudishia akitoka. Kilo zake nyingine hakuna aliyejua kama zitarudi. Kwa miezi saba alikuwa amemezeshwa dawa za kifua kikuu huko milimani anakolima kahawa, na kifua kikuu hakuwa nacho. Mdomo wake wa chini ulikuwa umeliwa upande wa kushoto, sauti imekwaruzika, na akipanda ngazi tatu anashika ukuta.

Mimi naitwa Nubia Cardona. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya maabara hapa Medellín, Kolombia. Siku ile fundi wetu alikuwa likizo, nikaambiwa nipake kwenye kioo kile walichomkwangua mdomoni, niweke chini ya hadubini mpaka daktari aje. Sikumsubiri daktari. Niliinama nikaona duara kubwa lililozungukwa na viduara vidogo vimeshikamana nalo pande zote, mfano wa usukani wa meli. Nilikuwa nimeuona kwenye picha ukutani tu.

"Daktari Ligia!" niliita. "Njoo uone usukani!"

Daktari Ligia Arroyave, mkuu wa maabara, alikuja akikimbia na kandambili. Ilikuwa ni ile fangasi yetu, inayokaa udongoni kama ukungu mwembamba, mtu akilima anaivuta puani, na ikipata joto la mwili inajibadilisha inakuwa hizo sukani zinazotafuna mapafu. Hupatikana Amerika hii ya kwetu tu, na huwakamata wakulima, wanaume hasa. Kwa hiyo nchi tajiri hazina sababu ya kukosa usingizi juu yake.

Don Gildardo alitibiwa miaka miwili akapona, ila mapafu yalibaki na makovu. Kila alipokuja kliniki alikuwa akimleta binti yake Eucaris, mtoto wa miaka tisa, mwenye maswali kuliko polisi. Fangasi ya baba yake nilikuwa nimeiotesha kwenye chupa, nikaipa namba 61, nikaitunza. Siku moja mtoto akasimama mbele ya chupa.

"Doña Nubia, hii ndiyo iliyomla baba mdomo?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mbona mnailisha?"

"Tukiiua hatutajua inaishi vipi."

Akafikiri. "Basi ilisheni kidogo tu."

Miaka ishirini baadaye, Eucaris huyo aliingia mlangoni petu na shahada mbili, anataka ya tatu. Mimi nilikuwa nimepanda cheo kutoka kuosha vyombo hadi kutunza makusanyo yote ya fangasi, chupa mia tatu na kitu. Alinikumbatia, kisha akauliza, "Sitini na moja bado ipo hai?"

"Ipo. Inakula kidogo tu, kama ulivyoagiza."

Alitaka kufanya jambo ambalo kwa fangasi nyingine lilikuwa limeshafanyika, kwa yetu bado. Fangasi ina maelfu ya protini, na kila protini ina kazi yake. Ukitaka kujua kazi ya mmoja kwenye genge, mwondoe uone genge linaharibikiwa wapi. Kwa seli, unavunja jeni inayotengeneza protini ile, kisha unatazama nini kimekwama. Eucaris aliitaka protini moja aliyoamini ndiyo inayoipa seli umbo lake la usukani.

Baba yake alitakiwa kusaini kwamba amekubali fangasi yake itumike, na tukamweleza mambo hayo.

"Basi ivunje hiyo jeni, kuna shida gani?" alisema Don Gildardo.

"Shida, baba, ni kwamba hii ina viini vingi ndani ya seli moja, na kila kiini kina nakala ya jeni ileile. Chukulia shamba lenye mabosi kumi, wote wanawaandikia vibarua amri moja. Ukimfukuza bosi mmoja, tisa wanaendelea kuandika."

"Shamba la namna hiyo nimelifanyia kazi."

"Sasa sisi tutawaacha mabosi waandike. Tutaingiza mtu wetu ndani, naye kazi yake ni kuzinasa zile karatasi njiani kabla hazijawafikia vibarua. Amri ipo, lakini haifiki."

Don Gildardo alichukua kalamu. "Jina langu liandikeni kwenye chupa."

"Sheria hairuhusu, Don Gildardo," nilimwambia. "Wagonjwa ni namba."

"Fangasi yangu mwenyewe, niliyoilisha na mapafu yangu, iitwe sitini na moja kama mfungwa!" Alisaini huku ananung'unika, na huko kijijini kwao akawatangazia wote kwamba chuo kikuu kinasoma fangasi yake, si ya jirani yake Arnulfo ambaye naye aliugua.

Mwezi uleule tulitembelewa na Profesa Iragorri kutoka Bogotá, mtu mkubwa katika fani hii, aliyekuja kukagua mipango ya wanafunzi. Alimsikiliza Eucaris huku akila empanada, sambusa za kwetu, akajifuta vidole.

"Binti, fangasi hii haina mlango. Wenye maabara mara kumi ya hii wamegonga mpaka vidole vikachubuka. Chukua jeni yako uipachike kwenye hamira ya mkate, uisomee humo. Miaka miwili umemaliza, unakwenda zako kuolewa."

"Profesa, hamira ya mkate haijawahi kumla mtu mdomo," alisema Eucaris. "Na kuolewa nimeshaolewa. Hizo empanada kapika mume wangu."

Daktari Ligia aliangalia dirishani ili asicheke. Iragorri alicheka mwenyewe, lakini kwenye karatasi aliandika kwamba mpango hautekelezeki. Daktari Ligia akaupitisha kwa saini yake.

Sasa huyo mtu wetu wa kuingizwa ndani angeingiaje? Kuna bakteria wa udongoni anayeumiza mimea. Ana sindano yake ya ajabu, anaichoma seli ya mmea na kuiachia kipande cha jeni, na mmea unaota vinundu kwenye shina. Watu walishagundua kwamba ukimtoa jeni zake za ugonjwa na kumpa unachotaka wewe, anakibeba na kukichoma vilevile, hata kwenye fangasi. Lakini sindano haitoi hivi hivi. Mpaka asikie harufu inayotoka kwenye mmea uliojeruhiwa. Kwenye maabara unamdanganya kwa dawa yenye harufu hiyohiyo, unamchanganya na fangasi, unawaacha pamoja siku tatu mahali penye ubaridi kidogo, kisha unawahamishia kwenye chakula chenye sumu. Fangasi iliyopokea kipande ina kinga ya sumu hiyo, inaota. Nyingine zinakufa.

Zetu zilikufa zote.

Na fangasi yetu ni mvivu wa kuota. Kila jaribio lilihitaji wiki sita ili kukuambia hapana. Tulijaribu kwa miezi kumi na minne. Eucaris alibadilisha chakula, akabadilisha idadi ya bakteria, akabadilisha mpaka maji. Kila Jumatatu mimi ndiye niliyekuwa nafungua kabati la joto, na kila Jumatatu visahani vya kuoteshea vilikuwa safi kama vya dukani. Wenzake wa rika lake walikuwa wanaandika makala. Yeye alianza kuzungumza na visahani.

"Njoo basi," nilimsikia anavibembeleza. "Hata mmoja tu. Hata aliye kilema."

Daktari Ligia alimwita ofisini Novemba ile, mlango wazi. "Eucaris, nitakupa hadi Juni. Baada ya hapo tutumie fangasi nyingine. Si aibu."

"Si aibu," alisema Eucaris, "ila si yenyewe."

Desemba alinialika kwao. Mavuno ya kahawa yalikuwa yanaishia. Mama yake alitupakulia maharage na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, tukakaa barazani, na Don Gildardo akaja kutoka kwenye kipande chake cha mora, yale matunda meusi ya miiba ya kutengenezea juisi, ameng'oa shina zima na mizizi yake. Alilitupa miguuni pa binti yake. Karibu na mizizi palikuwa na nundu kubwa kama ngumi, ngumu na yenye makunyanzi.

"Huyu ndiye uliyemwajiri?"

Eucaris alilitazama huku akitafuna. "Ndiye huyo, baba."

"Umeajiri mvivu. Mimi namfahamu kuliko wewe. Haingii mpaka panga langu likosee likwaruze shina. Na hapo pia anachagua. Kidonda kikiwa kibichi, bado kinatoa maji, anaingia. Kikishakauka, hata cha juzi, anapita mbele yake kama mimi ninavyopita mbele ya kanisa."

"Gildardo!" mkewe alimkemea.

Nilitaka kumwambia Don Gildardo kwamba maabara si shamba. Lakini Eucaris alikuwa ameacha kutafuna.

"Doña Nubia, ile dawa ya harufu tuliichanganya lini mara ya mwisho?"

"Agosti."

"Na chupa inakaa wapi?"

"Pale pale ulipoiweka. Rafu ya dirishani."

Rafu ya dirishani hupigwa na jua kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane. Dawa ile haipendi mwanga, imeandikwa kwenye kopo lake kwa herufi ndogo nyekundu, na sisi wawili, mwanasayansi na mtunza makusanyo, tuliisoma mara moja, siku ya kulifungua, kisha tukasahau. Miezi yote ile tulikuwa tunamnusisha bakteria wetu kidonda kilichokauka.

"Mungu wangu," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuwa napangusa vumbi ile chupa."

"Na mimi ndiye niliyeiweka," alisema Eucaris. Akaanza kucheka, machozi yakamtoka, hatukujua ni ya nini. Don Gildardo alituangalia, akamwuliza mkewe kama maharage yameharibika.

Januari tulianza upya. Dawa tuliichanganya asubuhi ileile ya kutumia, chupa tukaifunga kwa karatasi ya alumini, taa za chumba nusu tukazima. Visahani arobaini.

Ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa Februari. Nilifungua kabati, nikavitoa kimoja kimoja, safi, safi, safi. Cha kumi na tisa kilikuwa na doa. Nilidhani ni uchafu, nikakipeleka mwangani. Doa lilikuwa na rangi ya krimu, limekunjamana kama ubongo mdogo, sawa na vile fangasi ile inavyoota kwenye joto la mwili. Niliketi. Kisha nikasimama nikaendelea na vilivyobaki. Cha ishirini na saba kilikuwa na doa. Cha thelathini na nane pia. Matatu. Nilivipitia vyote mara nne nisije nikawa najidanganya.

Eucaris alikuwa kwa daktari wa meno. Nilipiga simu, akasema anakuja, na akaja na nusu ya uso imekufa ganzi, mate yanamtoka upande.

"Vitatu?" alisema, ingawa ilisikika "fitatu".

"Vitatu."

"Usinitanie, Doña Nubia."

"Nikutanie na nini, mwanangu? Tazama."

Alitazama muda mrefu. Kisha akapiga ngumi moja tu juu ya meza, kwa nguvu, na pipeti zote zikaruka. Daktari Ligia alitoka ofisini kuona nini kimevunjika. Alipoviona visahani alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Msiguse kitu mpaka nikalete kamera."

Kuota peke yake hakukuthibitisha kitu, na kazi ngumu ilifuata. Tulipima tukakuta kipande chetu kimeingia kwenye zote tatu, kila moja mahali pake. Kisha Eucaris akapima protini. Moja ilikuwa imepungukiwa na theluthi yake, ya pili nusu, ya tatu ilibakiwa na sehemu moja kati ya kumi. Mtu wetu wa ndani alikuwa ananasa karatasi. Siku Eucaris alipoiweka ile ya tatu chini ya hadubini aliniita nitazame kwanza mimi. Kwa miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimeangalia sukani kila wiki. Hizi hazikuwa sukani. Vilikuwa vijiduara vidogo, viwili viwili, vimeshikana kama vimepotea njia.

"Imesahau umbo lake," nilisema.

"Haijasahau," alisema. "Haijaambiwa."

Baada ya hapo likaja jaribio kubwa, la kuzikutanisha na zile seli walinzi za mwili zinazomeza wadudu, tulizozitoa kwa panya. Fangasi ya kawaida ikimezwa na mlinzi haifi, inazaliana humo humo ndani mpaka inampasua. Daktari Ligia hakutaka mtu mwenye hamu na jibu ndiye ahesabu. Alizibandika chupa zote utepe mweusi, akanikabidhi.

"Nubia, hesabu zilizo hai na zilizokufa. Usiniulize ipi ni ipi."

Nilihesabu kwa wiki tano. Sikujua naona nini, niliandika tu. Tulipobandua tepe, ile ya kawaida ilikuwa imeongezeka. Zile zenye kipande kitupu, zilizochomwa sindano bila mtu wetu ndani, zimeongezeka vilevile. Ile iliyopungukiwa kidogo ilikuwa imekufa kidogo, ya kati imekufa nusu, na ya tatu, katika kila seli kumi, nane zilikuwa maiti. Zilikuwa zimepangika kama ngazi.

Eucaris alitetea kazi yake Novemba 2007, ukumbini, mchana. Don Gildardo alikaa mstari wa mbele na kofia yake nyeupe magotini, mkoba wa ngozi begani, mkewe kando yake akiwa na kitambaa tayari mkononi. Mezani kwa watahini watatu, katikati, alikuwa Profesa Iragorri, nywele zimeshakuwa nyeupe.

Alimwacha azungumze mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kipande chako kinaangukia popote kinapotaka. Mimi nasema kimeangukia juu ya jeni nyingine muhimu, kimeivunja, ndiyo maana fangasi yako imedhoofika. Protini yako haihusiki. Nithibitishie kwamba nimekosea."

Mimi nilijua jibu na nilitaka kulitaja kwa kelele.

"Ningekuwa na moja tu, profesa, ungekuwa umenishinda," Eucaris alisema kwa utulivu. "Ninazo tatu, na kipande kimeangukia mahali patatu tofauti. Mahali ni tofauti, udhaifu ni wa aina moja. Na udhaifu unafuata kiasi cha protini kilichobaki, hatua kwa hatua. Ajali haipangi foleni."

Iragorri aliangalia ile picha ya ngazi ukutani. Akaangalia tena. "Hapana," alisema, "haipangi." Akaandika.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali kwenye hadhira. Mkono wa Don Gildardo ulikuwa juu kabla hajamaliza.

"Jitambulishe, bwana."

"Mimi ndiye mwenye fangasi."

Watu walicheka, naye aliwasubiri watulie, akivuta pumzi kwa shida kama kawaida yake.

"Nauliza hivi. Hiyo protini mliyoinyamazisha, mimi kama binadamu ninayo? Maana kesho mtatengeneza dawa ya kuinyamazisha. Isije ikaninyamazisha na mimi."

Eucaris alimjibu kama alivyomjibu profesa, wima, mikono nyuma. "Unayo, Don Gildardo. Ni ya ukoo uleule. Lakini ya fangasi ina kipande ambacho ya kwako haina. Kama kipande hicho kinatosha kuilenga bila kukudhuru, hatujui bado. Hilo ndilo ninalotaka kulitafuta sasa."

"Litafute upesi," alisema baba yake, akaketi.

Profesa Iragorri alishika karatasi yake akaionyesha kwa ukumbi. "Swali langu la mwisho lilikuwa hilohilo. Limeshaulizwa, sina la kuongeza." Akamgeukia Eucaris. "Daktari Zuluaga, nilikuambia haina mlango. Ninao wanafunzi wawili wanaohangaika nayo. Nikiwaleta, utawafundisha?"

"Waje Machi, profesa. Waje na makoti, chumba tunakiweka baridi."

Mama yake alikuwa anakipindapinda kitambaa bila kukitumia. Don Gildardo alivaa kofia humo humo ukumbini, kitu ambacho hakiruhusiwi, na hakuna aliyemwambia avue.

Makala ilichapishwa mwaka uliofuata. Eucaris alinipelekea nakala chumba cha friza, ameikunja mahali pa majina. Yalikuwa majina matano. La tatu lilikuwa N. Cardona.

"Hapa wamekosea," nilisema. "Mwanangu, mimi niliishia darasa la nane. Waambie waniondoe kabla watu hawajaanza kucheka."

"Nani alihesabu zile seli?"

"Mimi."

"Ngapi?"

"Elfu kumi na mbili na mia sita."

"Basi tulia," alisema, akarudi kazini kwake.

Jumapili niliipeleka nyumbani kwa mama, huko Bello, mji jirani. Mama hajui kusoma. Nilishika kidole chake nikakiweka juu ya jina, akakiacha hapo.

"Imeandikwa kwa lugha gani?"

"Kiingereza, mama."

"Na jina letu wamelibadilisha kwa hicho Kiingereza chao?"

"Hapana. Limebaki Cardona."

"Ahaa," alisema. Akaniambia nimwite jirani aje alione.